Kupima urefu, eneo na pembe ndani ya picha kwa GIMP, ImageJ na Photoshop: kinachopimwa hasa ni nini?

Mtoa mada

Wanajukwaa, habari zenu.

Kuna swali linalorudi hapa mara kwa mara kwa sura tofauti. Mtu yuko Muscat, nyumba yake inajengwa Mkuranga, ametumiwa picha ya tundu la dirisha na anataka kujua kama programu ya kuhariri picha inaweza kumpa upana na kimo chake ili fundi wa alumini aanze kupiga hesabu ya vifaa. Mwingine ana picha ya ufa ukutani, mwingine ana picha za majani ya shamba lake la majaribio. Majibu wanayopewa huwa ya namna mbili: wapo wanaosema kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa, na wapo wanaotaja jina la programu kisha wanaondoka, kana kwamba programu ndiyo inayopima. Naona pande zote mbili zimekiacha kiini cha suala. Nitalieleza kwa urefu kidogo, nikitumia zaidi mfano wa dirisha, kwa sababu ndio unaoulizwa sana na ndio wenye hasara ya wazi pale vipimo vinapokosewa.

Programu ya picha, iwe ya bure au ya kulipia, inajua jambo moja tu kuhusu urefu, nalo ni idadi ya pikseli (vimraba vidogo vinavyounda picha) zilizopo kati ya nukta moja na nyingine. Picha ya ghorofa na picha ya kiberiti zinaweza zote mbili kuwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, na hakuna chochote ndani ya hesabu hiyo kinachotofautisha ghorofa na kiberiti. Ili pikseli zigeuzwe kuwa milimita, lazima ndani ya picha hiyohiyo kiwepo kitu ambacho urefu wake halisi unajulikana. Hicho ndicho nitakachokiita kipimo cha rejea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupima hufanyika saiti, pale picha inapopigwa, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hawezi kuirudisha taarifa ambayo kamera haikupewa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1858 Albrecht Meydenbauer, msanifu majengo wa Kijerumani, alikuwa akilipima kanisa kuu la mji wa Wetzlar na nusura aanguke kutoka juu. Baada ya hapo akashika wazo kwamba majengo marefu yanaweza kupimwa kwa picha, na mwaka 1885 serikali ya Prussia ikaanzisha taasisi ya kazi hiyo mjini Berlin chini ya uongozi wake. Kamera zake zilitengenezwa mahususi kwa ajili ya vipimo, na umbali kati ya lenzi na bamba la picha ulijulikana kwa usahihi. Simu zetu hazikutengenezwa kwa nia hiyo, lakini jiometria ni ileile.

Tuanze na hesabu yenyewe, ambayo ni nyepesi. Tuseme aliyeko saiti amebandika karatasi ya A4 ukutani kando ya tundu la dirisha, ikiwa imesimama wima. Upande mrefu wa A4 ni milimita 297. Ndani ya programu unachora mstari kutoka ukingo wa juu wa karatasi hadi ukingo wa chini na kupata pikseli 330. Gawanya 297 kwa 330, utapata milimita 0.9 kwa kila pikseli, na hiyo ndiyo skeli ya picha. Upana wa tundu ukiwa pikseli 1,340, zidisha kwa 0.9 nawe unapata milimita 1,206. Wengi huishia hapo wakiwa wameridhika, na matatizo yote yanaanzia hapo.

Tatizo la kwanza ni udogo wa kipimo cha rejea. Ukingo wa karatasi katika picha hauko mahali pamoja palipo wazi. Ukiukuza utaona ukungu wa pikseli mbili tatu ambao ndani yake kila mtu atabonyeza mahali pake. Kosa la pikseli 3 kati ya 330 ni karibu asilimia 1, na asilimia hiyo inahamia nzimanzima kwenye kila kitu unachokipima kwa rejea hiyo. Dirisha letu la milimita 1,206 sasa linaweza kuwa 1,195 au 1,217, na hapo kamera haijafanya kosa lolote bado. Weka badala yake mbao iliyonyooka ya mita 2, uliyoipima kwa tepu, ambayo kwa skeli hiyohiyo itachukua pikseli 2,222 hivi. Kosa lilelile la pikseli 3 sasa linaleta tofauti isiyofika milimita 2 kwenye upana wa dirisha. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba kipimo cha rejea kisiwe kifupi kuliko kitu kinachopimwa, na watu wanaoweka sarafu kando ya ukuta wa mita nne wanajidanganya.

Tatizo la pili ni uso ambao kipimo cha rejea kimelala, na hili ndilo linaloharibu vipimo vingi kuliko yote niliyowahi kuona yakijadiliwa hapa. Kitu kilicho mbali na kamera huonekana kidogo. Ikiwa karatasi imebandikwa kwenye uso wa nje wa ukuta, lakini fremu ya dirisha inakaa ndani zaidi kwa sentimita 10, basi karatasi na mahali pa fremu haviko katika umbali mmoja. Mpigapicha akisimama mita 3 kutoka ukutani, mahali pa fremu pako mita 3.1 kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo kila pikseli ya pale inabeba urefu mkubwa zaidi kwa asilimia 3.3 kuliko pikseli ya kwenye karatasi. Zile milimita 1,206 zinapaswa kusomwa 1,246. Ni milimita 40, na kosa hili halionekani popote kwenye skrini, kwa sababu picha ni safi, mistari imenyooka na programu inakupa namba yenye desimali mbili. Dawa ni kuiweka rejea kwenye uso uleule wa kitu kinachopimwa. Ikishindikana, sogea nyuma. Ukipigia picha mita 6, kosa hilohilo linapungua hadi asilimia 1.7 hivi.

Tatizo la tatu ni kamera iliyogeuzwa au kuinamishwa. Kamera ikiutazama ukuta kwa upande, urefu wa mlalo unafupika huku wa wima ukibaki karibu vilevile. Kwa nyuzi 10 ufupisho ni asilimia 1.5, kwa nyuzi 20 ni asilimia 6, na kwa nyuzi 30 unapita asilimia 13. Matokeo yake ni kwamba rejea iliyosimama wima haiwezi kutumika kupima upana, hata kama imebandikwa palepale kwenye uso unaotakiwa. Ndiyo maana wapigapicha wa ushahidi wa jinai wanatumia rula yenye umbo la L. Iliyo maarufu zaidi inaitwa ABFO namba 2, nayo ilibuniwa na William Hyzer na Thomas Krauss mwaka 1988 kwa ajili ya alama za meno na majeraha. Ina mikono miwili ya kupimia na miduara mitatu. Mduara ukionekana kama yai ndani ya picha, mtazamaji anajua mara moja kwamba kamera haikuelekezwa sawasawa.

Kuhusu programu zenyewe nitasema machache, kwa sababu tofauti zao ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. GIMP ina kifaa cha kupimia kinachofunguka kwa kubonyeza Shift na M. Kinakupa idadi ya pikseli na pembe, na hesabu ya skeli unaifanya mwenyewe kwa kikokotoo. Photoshop ina rula, na tangu toleo la CS3 Extended la mwaka 2007 unaweza kuipa skeli yako ili majibu yatoke moja kwa moja katika milimita na kuhifadhiwa kwenye jedwali. ImageJ haikutengenezwa kupamba picha: iliandikwa na Wayne Rasband katika taasisi za taifa za afya za Marekani, ikatoka mwaka 1997, ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Unachora mstari juu ya kipimo cha rejea, unafungua «Set Scale» kwenye menyu ya «Analyze», unaandika urefu halisi na kipimo chake, na kuanzia hapo kila mstari unaouchora unasomwa kwa milimita. Kuna kisanduku kidogo humo kilichoandikwa «Global». Ukikiacha na alama ya tiki, skeli ya picha ya kwanza itatumika kwenye picha zote zitakazofuata bila kukuuliza, hata kama zilipigwa kwa umbali mwingine.

Kwa kazi ya vipimo peke yake ninapendekeza ImageJ. Kwa picha iliyopinda inayohitaji kunyooshwa kwanza, GIMP au Photoshop.

Nawasilisha.

Fundi Alumini

Mkuu, asante kwa uzi huu, hasa hapo kwenye uso wa ukuta, kwa maana wateja wengi hawaelewi kwa nini tunakataa kukata kwa kuangalia picha. Naomba niongeze la kwetu sisi mafundi. Tundu la dirisha mara chache huwa mstatili kamili. Tunapopima kwa tepu tunachukua upana mahali patatu, yaani chini ya linta, katikati, na juu ya kizingiti cha chini, kisha tunachukua kimo kushoto, katikati na kulia, na fremu tunaitengeneza kwa kipimo kidogo kuliko vyote baada ya kupunguza nafasi ya kupachika. Kama plasta haijapigwa, kipimo cha leo si kitakachokuwepo wiki mbili zijazo, kwa sababu plasta inakula pande zote. Picha haiwezi kukuambia plasta itakuwa nene kiasi gani. Mimi naikubali picha kwa ajili ya makadirio ya bei tu, na nikishapewa kazi lazima niende saiti.

Mtoa mada

Fundi, sina ubishi na hilo, na ningependa anayeuliza kutoka mbali alisome mara mbili. Kwa makadirio ya bei kosa la asilimia 2 au 3 linavumilika. Kwa kukata alumini halivumiliki. Usahihi unaohitajika unategemea kinachofanyiwa kazi, na mtu anapaswa kuujua kabla hata ya kufungua programu.

Mgeni wa Photoshop

Naomba kueleweshwa. Nikifungua picha ya simu ndani ya Photoshop na kuangalia ukubwa wake, naambiwa kwamba ina upana wa sentimita 141. Picha nyingine ya simu nyingine yenye pikseli zilezile 4,000 naambiwa ina sentimita 34 hivi. Je, sentimita hizo zina uhusiano wowote na kitu kilichopigwa picha?

Mtoa mada

Hazina uhusiano wowote. Hizo ni sentimita za karatasi ambayo picha ingechapishwa. Faili la kwanza limeandikwa ndani yake kwamba lichapishwe kwa pikseli 72 kwa kila inchi, la pili kwa pikseli 300. Pikseli 4,000 ukizigawa kwa 72 unapata inchi 55.6, ambazo ni sentimita 141. Ukizigawa kwa 300 unapata inchi 13.3, ambazo ni sentimita 33.9. Unaweza kuibadilisha namba hiyo hadi kumi au elfu moja bila pikseli hata moja kuguswa. Wapo wanaopima picha ya ukuta kwa rula ya Photoshop ikiwa katika sentimita za namna hii na kuleta majibu hapa. Majibu hayo hayana maana yoyote.

Kuna hali moja tu ya kawaida ambamo namba hiyo inabeba ukweli, nayo ni skana ya mezani. Kitu kikilala juu ya kioo cha skana na ukaskani kwa pikseli 300 kwa inchi, kila pikseli inawakilisha milimita 0.0847 za kitu chenyewe, kwa sababu kichwa cha skana kinasafiri sambamba na kioo na hakuna suala la umbali. Kwa vitu bapa vinavyotosha juu ya kioo, skana ya ofisini ni kifaa cha kupimia bora kuliko kamera ya bei mbaya.

Mwanafunzi wa Kilimo

Hapo kwenye skana umenigusa. Sisi tunapima eneo la majani ya muhogo, na mashine maalumu ya kazi hiyo chuoni kwetu ni moja kwa idara nzima. Tumeanza kuskani majani na kutumia ImageJ, lakini wenzangu wawili wanapata majibu yanayotofautiana sana na yangu kwa jani lilelile. Tatizo linaweza kuwa wapi?

Mtoa mada

Kabla ya yote angalieni kama kuna anayezidisha kwa skeli ya urefu badala ya skeli ya eneo. Pikseli ni mraba mdogo. Kama upande wake ni milimita 0.9, eneo lake ni 0.9 mara 0.9, yaani milimita za mraba 0.81. Anayehesabu pikseli za jani kwa GIMP, kwa kuteua jani kwa rangi na kusoma idadi ya pikseli kwenye dirisha la histogramu, lazima azidishe kwa 0.81. Akizidisha kwa 0.9 amekosea kwa asilimia 11, na skeli inavyozidi kuwa mbali na moja ndivyo kosa linavyokua. Kwa skana ya pikseli 300 kwa inchi, jani lenye sentimita za mraba 100 linapaswa kuwa na pikseli takriban 1,395,000; mnaweza kukata karatasi ya sentimita 10 kwa 10 na kuiskani ili kuona kama kila mmoja wenu anaifikia namba hiyo. Ndani ya ImageJ hesabu ya mraba inafanywa na programu yenyewe baada ya kuipa skeli, kwa hiyo huko kosa hili ni nadra.

Jambo la pili ni mpaka wa rangi, yaani kiwango ambacho programu inatumia kuamua kwamba pikseli hii ni jani na ile ni karatasi nyeupe. Kivuli chembamba kando ya jani lililojikunja kinaweza kuhesabiwa kuwa jani kwa mtu mmoja na kuachwa na mwingine. Chagueni kiwango kimoja, kiandikeni kwenye daftari, na mkitumie kwa majani yote ya jaribio zima. Jani la muhogo lina vidole vinavyopandana. Vilazeni mbalimbali kabla ya kufunga mfuniko, kwa kuwa sehemu iliyofunikwa na kidole kingine haitahesabiwa kamwe.

Mpenda Majengo

Swali langu ni la kinyume. Nina picha za zamani za nyumba ya familia Mji Mkongwe, Unguja, na aliyezipiga hakuweka rula wala karatasi. Baraza na sehemu ya roshani havipo tena. Je, ndiyo basi?

Mtoa mada

Hapana, kwa sharti kwamba kuna sehemu ya nyumba iliyobaki. Kipimo cha rejea si lazima kipimwe siku ya picha. Kinaweza kupimwa leo, maadamu ni kilekile na hakijabadilishwa. Mlango uliobaki mahali pake, umbali kati ya madirisha mawili, upana wa ukuta kutoka kona hadi kona, vyote hivyo ni rejea unayoweza kuipima kesho asubuhi kwa tepu. Njia hii ina maana kubwa hapo kwenu hasa, kwa sababu majengo ya Mji Mkongwe yanabadilika na mengine yanaanguka. Hata Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu ya mbele Desemba 2020, na kwa jengo lililobomoka picha za kabla ya tukio zinakuwa sehemu ya kumbukumbu ya vipimo vyake.

Kwa kuwa nyumba za vichochoroni hupigwa picha kwa upande, utahitaji kuinyoosha picha kwanza. Tafuta kwenye ukuta huo mstatili mkubwa ambao upana na kimo chake umevipima, kwa mfano nafasi nzima iliyozungukwa na fremu ya nje ya mlango. Katika GIMP fungua kifaa cha perspektivu, uchague mwelekeo wa kusahihisha badala ya ule wa kawaida, kisha uzivute pembe nne za wavu zikae juu ya pembe nne za mstatili huo. Ukikubali, picha inageuzwa kana kwamba kamera ilikuwa mbele ya ukuta. Baada ya hapo hakikisha uwiano wa upana na kimo cha mstatili ndani ya picha unalingana na uwiano halisi, na kama haulingani, vuta picha upande mmoja hadi ulingane. Ndipo uanze kupima.

Angalizo ni lilelile la uso. Unyooshaji huu unakuwa sahihi kwa vitu vilivyo kwenye uso wa ukuta ule tu. Roshani imechomoza mbele ya ukuta, kwa hiyo upana wake utasomeka mkubwa kuliko ulivyokuwa. Mahali mihimili yake ilipoingia ukutani panaweza kupimwa vizuri. Ncha zake za mbele haziwezi kupimwa kwa picha moja. Ukiwa na picha kadhaa zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, hapo unaingia kwenye fotogrametria kamili, ambamo kompyuta inatafuta nukta zilezile katika picha nyingi na kujenga umbo la pande tatu. Njia hiyo ndiyo iliyotumika Laetoli, karibu na Ngorongoro, kunakili nyayo nyingine za kale zilizopatikana mwaka 2015, jirani na zile zilizochimbuliwa na timu ya Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, umbo hilo nalo halina urefu halisi mpaka liwekewe rejea iliyopimwa.

Eksirei

Ninafanya kazi kwenye chumba cha eksirei na ningependa kuongeza jambo ambalo halijatajwa. Pembe haihitaji kipimo cha rejea. Kama picha imechukuliwa bila kupinda, pembe ya nyuzi 30 inabaki nyuzi 30 hata picha ikikuzwa au kupunguzwa, ilimradi imekuzwa sawasawa pande zote mbili. Kwa hiyo daktari anaweza kupima kupinda kwa uti wa mgongo kwenye picha isiyo na skeli. Urefu ni habari nyingine. Katika eksirei mfupa uko kati ya chanzo cha mionzi na kipokezi, kwa hiyo kivuli chake hutoka kikubwa kuliko mfupa wenyewe, na ukubwa huo unategemea unene wa mgonjwa. Ndiyo maana kwa upasuaji wa kubadilisha nyonga huwekwa mpira mdogo wa chuma wenye kipenyo cha milimita 25 usawa wa mfupa. Ukisomeka milimita 29, kila kitu kilicho usawa huo kimekuzwa mara 1.16, na vipimo vyote vinagawanywa kwa namba hiyo. Mtu anayepiga picha filamu ya eksirei kwa simu kisha akapima urefu wa kipandikizi bila rejea yoyote anafanya jambo la hatari.

Mtoa mada

Nashukuru sana kwa mchango huu. Mpira ule uko usawa wa mfupa kwa sababu ileile inayotutaka tuweke mbao usawa wa fremu.

Mdadisi

Je, ninaweza kutumia njia hii kupima mipaka ya kiwanja kwenye picha ya setilaiti na kumwonesha jirani yangu kwamba amevuka?

Mtoa mada

Kwa kujiridhisha mwenyewe unaweza kutumia rula ya Google Earth, ambayo tayari ina skeli kwa kuwa picha zake zimefungamanishwa na latitudo na longitudo za ardhi. Lakini picha hizo zinaweza kuwa zimesogea mita kadhaa kutoka mahali pake halisi, na paa la nyumba huonekana limelalia upande mmoja pale setilaiti ilipotazama kwa mshazari. Mgogoro wa mpaka ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa na mawe ya mipaka. Usiende kwa jirani na skrini.

Niko Mbali

Mimi ni mmoja wa wale wa Muscat mliowataja. Nimefuata maelekezo na nimetumiwa picha kwa WhatsApp. Ndugu yangu ameweka mbao ya mita 2 chini ya tundu, kwenye uso wa mahali fremu itakapokaa. Nimepima kwa ImageJ: ukingo wa kushoto wa tundu una pikseli 1,210 kwenda juu, na ukingo wa kulia una pikseli 1,150. Nichukue wastani?

Mtoa mada

Usichukue wastani bado. Kwanza, mwombe akutumie picha hiyo upya kama faili na si kama picha, kwa sababu WhatsApp hupunguza pikseli na kulainisha kingo inapotuma kwa njia ya kawaida. Kukata pembeni mwa picha hakubadilishi skeli, lakini kuipunguza ukubwa kunaibadilisha, na usichanganye kamwe skeli ya nakala moja na vipimo vya nakala nyingine. Mwambie pia atumie lenzi kuu ya simu, aache ile pana inayopinda mistari ya pembeni, na asogee nyuma kadiri nafasi inavyomruhusu.

Pili, tofauti ya pikseli 60 ni karibu asilimia 5, na inaweza kuwa na maana mbili. Huenda ndugu yako alisimama upande wa kushoto, kwa hiyo ukingo wa kulia ulikuwa mbali zaidi na lenzi. Kama alikuwa umbali wa mita 4 hivi, sentimita 20 za ziada zinatosha kuleta tofauti hiyo. Au huenda tundu lenyewe halikujengwa sawa na upande wa kulia ni mfupi kweli, kama Fundi alivyotuonya. Ndani ya picha hali hizi mbili zinaweza kufanana kabisa, na ukiinyoosha picha kwa kudhani kwamba tundu ni mstatili, utakuwa umelifuta kosa la mwashi kwenye skrini huku likibaki ukutani.

Niko Mbali

Sasa nitazitofautishaje?

Mtoa mada

Ndugu yako apime kingo zote mbili kwa tepu. Zikilingana, nyoosha picha kwa kutumia kingo hizo na mbao ya chini, kisha uendelee na upana.

Fundi Alumini

Samahani kwa kuingilia. Kama ndugu yuko saiti na tepu anayo mkononi, si apime na upana kabisa?

Mtoa mada

Apime na upana, mahali patatu, kama ulivyoeleza. Picha itunzwe kwa ajili ya kuhakiki namba atakazozisoma, maana kusoma 112 badala ya 121 kwenye tepu ni jambo la kawaida, na kosa la ukubwa huo hata picha iliyopigwa ovyo italigundua.